Kutoka melini hadi ndegeni: saa ya ndege, namna ya kushuka na usafiri wa kuchagua

Anayemaliza safari ya meli ya kitalii na kuwahi ndege siku hiyohiyo ana mambo matatu ya kuchagua: ndege ya saa ngapi, ashuke na mizigo yake au aiache ishushwe, na apande nini kutoka bandarini. Wengi huumiza kichwa kwa hilo la pili, kwa sababu ndilo linalotangazwa melini siku za mwisho. Lakini uzito wake ni mdogo. Kushuka na mizigo yako mwenyewe hukuokolea kama saa moja. Usafiri uliochaguliwa vizuri hukuokolea nusu saa. Kusogeza ndege kutoka asubuhi hadi alasiri hukupa saa tatu au nne, tena bila kumkimbilia mtu. Kwa hiyo tunaanza na ndege.

(Saa zote humu ni za Kiswahili. Tiketi ikiandika 11:00, hiyo ni saa 5 asubuhi. Ikiandika 13:30, ni saa 7:30 mchana.)

Kufunga gatini si kushuka

Meli nyingi hufunga kamba kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi. Abiria huiona bandari dirishani akadhani mlango uko wazi. Hauko wazi. Hakuna anayeshuka mpaka maofisa wa uhamiaji na forodha waipe meli ruhusa, na hilo huweza kuchukua dakika 30, huweza kuzidi saa nzima. Siku ya kawaida wa kwanza hutoka kati ya saa 1 na saa 1:30, na wa mwisho saa 3:30 au saa 4. Vyumba hutakiwa viwe vitupu karibu saa 2, maana mchana huohuo meli inapokea abiria wapya.

Bandari za Marekani zina jambo lao la ziada. Abiria wasio raia wa nchi hiyo wakati mwingine huitwa ukumbini, humohumo melini, wakaguliwe pasipoti asubuhi na mapema. Asiyetokea huchelewesha zoezi zima, na jina lake hutajwa kwenye vipaza sauti mpaka apatikane. Kama unasafiri kwa viza, uliza mapokezi siku mbili kabla iwapo utaitwa na saa ngapi, kisha ndipo uamue utashuka na kundi gani.

Ndege ya saa ngapi

*Kabla ya saa 4 asubuhi.* Usinunue. Kila kitu kikienda sawa utafika lango la ndege ukihema, na asubuhi ya kushuka melini si kawaida kila kitu kwenda sawa.

*Saa 5 hadi saa 6 mchana.* Inawezekana penye uwanja wa ndege wa jirani, na kwa anayebeba mizigo yake tu. Tuhesabu kwa kurudi nyuma, tuseme safari ya ndani ya saa 5 asubuhi kutoka Miami. Mashirika makubwa ya Marekani hufunga mapokezi ya mizigo dakika 45 kabla ya safari za ndani, kwa hiyo kaunta inafungwa saa 4:15. Toa nusu saa ya foleni ya kaunta: uwe uwanjani saa 3:45. Toa dakika 30 za barabara na 20 za kusubiri teksi: uwe nje ya jengo la bandari saa 2:55. Toa nusu saa ya uhamiaji na forodha: mguu wako uguse gati saa 2:25. Anayebeba mizigo mwenyewe, akitoka saa 1:30, ana akiba ya karibu saa moja. Aliyepewa lebo ya kundi linaloitwa saa 3 amekwisha kuachwa kabla hajanywa chai.

Hesabu hiyo ni ya ndege ya ndani. Ya kimataifa hufunga mizigo dakika 60 kabla au zaidi, na foleni zake ni ndefu. Ongeza saa moja kamili.

*Saa 7 hadi saa 9 alasiri.* Hii ndiyo tunayompendekezea mtu asiye na sababu maalumu. Meli ikichelewa saa mbili bado unapanda. Ikifika kwa wakati unakunywa kahawa uwanjani, na hilo si hasara. Penye uwanja ulio mbali na bandari, chukua mwisho wa kipindi hiki, usichukue mwanzo.

*Jioni.* Ni salama zaidi kwa saa, ila ina kero moja: mashirika mengi hayapokei mzigo mapema sana, mara nyingi si zaidi ya saa nne kabla ya kuruka. Umeshuka saa 3 asubuhi, ndege ni saa 2 usiku, sanduku mbili ziko mikononi na kaunta haikutaki hadi saa 10 jioni. Dawa yake ni ziara inayouzwa melini, ile inayokuzungusha mjini huku mizigo ikiwa kwenye buti la basi, na mwisho inakuteremsha uwanja wa ndege. Nyingine ni stoo ya kulipia ya mizigo, bandarini au mjini. Ulizia kama ipo na inafungwa saa ngapi kabla ya kuitegemea.

*Kesho yake.* Lala usiku mmoja ikiwa ndege unayoitaka ndiyo pekee ya siku, au tiketi yako haibadilishwi, au bandari yenyewe ina sifa ya ukungu. Bei ya chumba cha hoteli ilinganishe na bei ya tiketi mpya ya siku hiyohiyo. Ukiilinganisha na sifuri, hoteli itakushinda kila mara.

Ukungu unastahili maneno yake. Galveston, Tampa na New Orleans zote zinaingiwa kwa njia nyembamba, na kuanzia Desemba hadi Machi marubani wa bandari husimamisha vyombo ukungu ukishuka. Meli ya New Orleans hupanda mto Mississippi kwa zaidi ya kilomita 150 kabla ya kuona gati. Ukungu ukiikuta katikati, hakuna njia ya mkato. Ya Tampa hupita chini ya daraja la Sunshine Skyway na kuendelea na mkondo mrefu wa ghuba. Galveston iko jirani na bahari, lakini mdomo wake ukifungwa, meli hubaki nje zikizunguka. Kwa bandari hizi, katika miezi hiyo, ndege ya saa 7 mchana ihesabu kama ya saa 5, na ya jioni kama ya alasiri.

Mtego mwingine ni saa yenyewe. Meli huweza kukaa na saa yake tofauti na ya nchi kavu, na simu iliyozimiwa mtandao haijirekebishi. Isitoshe, safari nyingi huisha Jumamosi au Jumapili, na saa za nchi hubadilishwa Jumapili: Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Marekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Ile ya Machi hukunyang'anya saa moja ukiwa usingizini.

Kubeba mwenyewe au kuacha mlangoni

Njia ya kwanza: unabeba kila kitu na kushuka na kundi la mwanzo. Ya pili: usiku wa mwisho unaweka masanduku nje ya mlango wa chumba yakiwa na lebo za rangi au namba, wahudumu wanayakusanya, na asubuhi unayakuta yamepangwa kwa rangi kwenye jengo la bandari baada ya kundi lako kuitwa. Muda wa mwisho wa kuyaweka huandikwa kwenye ratiba ya siku, kwa kawaida kati ya saa 4 na saa 6 usiku.

Kubeba mwenyewe kuna sharti wasilolisoma wengi: ni kubeba yote, wewe, kwa safari moja, bila msaada wa mhudumu. Asubuhi hiyo lifti hujaa, na kila mlango ukifunguka unakuta masanduku na nyuso. Ukiwa sitaha ya 9 na ngazi ya kushukia iko sitaha ya 3, utashusha sanduku ngazi sita za ndani. Kisha kuna ngazi ya meli yenyewe, ambayo bahari ikijaa au kupwa huinama vibaya. Sanduku moja la magurudumu na begi la mgongoni kwa kila mtu, hilo linawezekana. Familia yenye watoto wawili, kigari cha mtoto na masanduku matano haifai kujaribu. Itakwama kwenye ngazi na kuwakwamisha walio nyuma. Vivyo hivyo mwenye magoti mabovu au anayetumia kiti cha magurudumu. Meli ina utaratibu wa kumshusha, una mahali pake pa kukutania na saa yake, na hauendi kasi.

Kuacha mlangoni ni raha, lakini saa haiko mikononi mwako. Kundi lako huitwa mizigo yake ikishapangwa. Nyongeza ya kutafuta sanduku jeusi kati ya masanduku meusi mia tano ni dakika 15 hadi 30. Hapa mambo mawili husaidia. La kwanza, ukiona rangi uliyopewa ni ya kundi la mwisho na ndege yako ni ya saa 6 mchana, nenda mapokezi na tiketi yako ukabadilishiwe, ila nenda siku mbili kabla. Jioni ya mwisho foleni hiyo huzunguka ukumbi. La pili, bandua lebo zote kuukuu za mashirika ya ndege, kisha funga kitambaa cha rangi kali kwenye mshikio. Na kabla hujaondoka na sanduku, soma jina. Sanduku la mtu mwingine likifika nawe uwanjani, hakuna ndege itakayokusubiri ulirudishe.

Kwenye majengo ya bandari ya Marekani kuna wapagazi wenye matoroli, na mara nyingi wanapita foleni yao kwenye ukaguzi. Mwenye masanduku mengi na muda mdogo humfaa mpagazi kuliko ujasiri wa kubeba.

Seattle kwa miaka kadhaa imekuwa na njia ya tatu: mzigo unapewa lebo ya shirika la ndege ukiwa bado melini, unachukuliwa kutoka melini hadi uwanjani, nawe unaukuta mwisho wa safari. Huduma za namna hii zipo bandari chache na kwa mashirika machache. Pale zilipo, zinashinda njia zote mbili za juu.

Bandari na uwanja wake

Matangazo ya safari huandika mji mashuhuri, meli hufunga kwingine. "Roma" ni Civitavecchia. "London" mara nyingi ni Southampton. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200 kutoka Paris yenyewe. "Venice" tangu Agosti 2021, meli kubwa zilipozuiwa kupita mfereji wa Giudecca, inaweza kuwa Marghera, na inaweza kuwa Ravenna au Trieste. Soma jina la gati kabla ya kununua tiketi ya ndege.

| Bandari | Uwanja wa ndege | Umbali wa takriban | Kinachokwamisha |
|---|---|---|---|
| Port Everglades | Fort Lauderdale | km 5 | foleni ya teksi wikiendi. Kwenda Miami ni km 45 |
| Miami | Miami | km 13 | meli nyingi kushusha asubuhi moja |
| Port Canaveral | Orlando | km 72 | saa nzima ya barabara, foleni ndefu ya ukaguzi uwanjani |
| Galveston | Hobby / Bush, Houston | km 65 / km 115 | ukungu. Watu huchanganya viwanja viwili |
| Vancouver | Vancouver | km 15 | anayekwenda Marekani hukaguliwa na uhamiaji wa Marekani hapohapo |
| Barcelona | El Prat | km 15 | kutoka gatini hadi mjini ni mbali kwa miguu |
| Civitavecchia | Fiumicino | km 65 | hakuna treni ya moja kwa moja |
| Piraeus | Athens | km 45 | gati huwa mbali na stesheni ya metro |
| Southampton | Heathrow / Gatwick | km 105 / km 145 | barabara ya M25 |
| Whittier / Seward | Anchorage | km 100 / km 200 | handaki. Barabara moja tu |

Mstari wa mwisho ni wa Alaska. Njia ya kutoka Whittier hupita handaki la kilomita 4 lenye njia moja, linalotumiwa na magari na treni kwa zamu. Magari yanayotoka Whittier huruhusiwa kila saa inapogonga, kwa dakika chache. Ukikosa zamu kwa dakika mbili, unakaa mpaka saa inayofuata. Anayetoka Whittier au Seward asiweke ndege kabla ya jioni.

Basi la meli, teksi, treni au dereva wa kuagiza

Basi la kampuni ya meli halitoki ukishuka wewe, hutoka likijaa. Ukiwa wa kwanza ndani unaweza kusubiri dakika 40. Kwa bandari iliyo karibu na uwanja ni hasara ya muda, na kwa watu wawili au watatu mara nyingi ni hasara ya pesa pia, kwa sababu huuzwa kwa kichwa wakati teksi huuzwa kwa gari. Kwa safari ndefu, kama Civitavecchia au Southampton, mizani hugeuka: basi ni rahisi kwa msafiri mmoja, na meli ikichelewa basi linaisubiri, kwa kuwa abiria wake wote wamo humo.

Dereva wa kuagiza ni bora kwa familia na kwa njia ndefu, mradi usimpe saa ya meli kufunga gatini. Mpe saa unayotarajia kutoka jengo la bandari, yaani dakika 30 hadi 45 baada ya kushuka, na muulize anasubiri bure kwa muda gani. Teksi za programu ya simu ni nafuu, ila baadhi ya bandari zimezitengea eneo mbali na mlango, na asubuhi ya meli nne bei yake hupaa, ilhali bei ya teksi za kawaida haipandi.

Treni ni nzuri pale inapofika mlangoni. Vancouver ndiyo mfano: kituo cha Waterfront ni mwendo wa dakika chache kutoka gati la Canada Place, na Canada Line hufika uwanjani kwa dakika 25 hivi. Piraeus nayo, tangu Oktoba 2022, imeungwa na metro ya mstari wa 3 hadi uwanja wa ndege, karibu saa moja. Lakini si kila treni inafika uwanjani, kwa hiyo tazama kabla unayoipanda inaishia wapi. Civitavecchia ni kazi zaidi: basi la bandari hadi kituo cha mabasi cha Largo della Pace, basi la pili hadi stesheni, treni kuelekea Roma, ubadilishe kwenye stesheni ya Trastevere kwa treni ya Fiumicino. Kwa begi moja ni sawa. Kwa masanduku matatu, hiyo akiba utailipa kwa mgongo.

Tiketi: ya kampuni ya meli au yako

Kampuni nyingi za meli huuza tiketi za ndege zao. Faida yake haipo kwenye bei. Meli ikichelewa, wao wanajua ni abiria gani wana ndege gani, na huanza kuwatafutia viti kabla meli haijafunga gatini. Aliyejinunulia anafanya kazi hiyo mwenyewe, kwa simu, kwa intaneti ya meli. Shirika la ndege hulidai kitu: meli kuchelewa si kosa lao, na sheria za fidia za Ulaya hazikuhusu hapo.

Kwa mwenye ndege mbili za kuunganisha, tofauti kubwa ni kama ziko kwenye tiketi moja au mbili. Tiketi moja: ukikosa ya kwanza bila kutoa taarifa, shirika hufuta zilizobaki zote, pamoja na ile ya kesho. Tiketi mbili: ya pili haijui lolote kuhusu ya kwanza, na itaruka bila wewe. Bima ya safari isome kifungu cha kuchelewa kwa chombo. Baadhi hulipa kwa anayekwenda kupanda meli, si kwa anayetoka.

Usiku wa mwisho

Kosa kongwe kuliko yote ni kufunga kila kitu kwenye sanduku linalowekwa mlangoni, mpaka nguo za kesho. Baki na pasipoti, dawa, chaja, viatu na nguo kamili. Kuna meli zinazoshika pasipoti za abiria safari nzima. Ichukue jioni, usingoje asubuhi.

Bili ya chumba iangalie kwenye simu au runinga ya chumbani. Kadi ya benki ikikataliwa usiku, asubuhi kadi yako ya chumba italia ngazini na utarudishwa mapokezi, foleni ya mwisho kabisa.

Pombe iliyonunuliwa melini huletwa chumbani jioni ya mwisho, masanduku yakiwa yamekwisha kuondoka. Kesho yake aliyeinunua hubaki nayo kwenye begi la mkononi, na ukaguzi wa viwanja vingi vya ndege hauruhusu kimiminika kinachozidi mililita 100. Acha nafasi kwenye sanduku litakalopokewa kaunta. Kinywaji chenye zaidi ya asilimia 70 ya kileo hakipandi ndege kabisa, na cha asilimia 24 hadi 70 kisizidi lita 5 kwa mtu.

Ikiwa saa 2 asubuhi bado meli haijapewa ruhusa na ndege ni saa 5, piga simu kwa shirika la ndege hapohapo ulipokaa, ukiwa na namba ya tiketi mkononi. Omba ndege ya baadaye ya siku hiyo kabla ile yako haijaruka. Kabla ya kuruka wewe bado ni abiria anayeomba kubadilisha. Baada ya kuruka wewe ni abiria ambaye hakutokea, na mazungumzo huanzia kwenye bei ya tiketi mpya.